Mama Utupu na Mlango wa Katikati

"Zimeni elektroni," anasema mkuu wa maabara, na zinazimwa. Mama Utupu, fundi wa pampu, ameikodolea macho kompyuta kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu.

Namba inatakiwa kuanguka. Haianguki.

Mtambo huu ni bomba refu la chuma lililonyonywa hewa likabaki utupu. Ndani yake hupita ioni za molekuli: atomi mbili za hidrojeni zilizoshikana, zikiwa zimepungukiwa elektroni moja. Ioni ikirushiwa elektroni na kuinasa, ndoa inavunjika papo hapo, kila atomi inashika njia yake. Watafiti huhesabu vipande hivyo; ndiyo namba ile ya kwenye kompyuta.

Lakini hewa ikibaki bombani, nayo huzigonga ioni na kuzivunja. Ndiyo maana elektroni huzimwa kidogo: vipande vikiendelea kumiminika, mvunjaji ni hewa.

"Panavuja," anasema mkuu. "Tupime viungo vyote."

Viungo ni vingi, na zamu yao ya kuutumia mtambo inaisha leo. Binti mtafiti, ambaye shahada yake inategemea vipimo hivi, anatafuna kucha.

Mama Utupu anajua pa kuanzia. Jana alikuwa akikaza boliti za mlango wa katikati ya bomba alipopigiwa simu kutoka shuleni: mwanawe ameanguka, amevunjika mkono. Boliti hizo hukazwa kwa kukingamana, huku kidogo, upande wa pili kidogo, ili pete ya shaba inayoziba hewa ibanwe sawasawa. Aliogopa kuomba ruhusa ya kuondoka. Akaendelea na spana, akili ikiwa kwa mtoto.

Aliogopa kwa sababu mkataba wake unakaribia kwisha, na baada ya uvujaji wa mwaka jana mkuu alimwambia wazi: ukirudia, tunaachana.

Ana miaka tisa katika kazi ambayo hata nyumbani hawaielewi. "Mama mkwe huniuliza, 'Mwanangu, unalipwa kulinda kitu ambacho hakipo?'" anasimulia. "Namjibu, ndiyo mama, na siku kikionekana nafukuzwa."

Leo hana utani. Anamsogelea mkuu.

"Mzee, msihangaike na vingine. Ni mlango wa katikati. Niliufunga mimi, na nadhani niliruka boliti."

"Una hakika?"

"Sina. Ila roho yangu haijatulia tangu jana."

Mkuu anapuliza heliamu kidogo, gesi nyepesi ya kutafutia uvujaji, kwenye ukingo wa mlango. Kipimo kinaruka: gesi imepenya.

Mama Utupu anachukua spana. Akizidisha, pete itapondeka na zamu itakuwa imekwenda na maji. Anakaza kidogo, anasubiri. Anakaza upande wa pili. Jasho linamtiririka mgongoni.

Namba inaanza kushuka, taratibu mno, inakera. Elektroni zinawashwa, inapanda. Zinazimwa, inaporomoka. Binti mtafiti anamrukia kwa furaha. "Mama, umeniokoa!"

Mkuu anasema tu, "Tutaongea Jumatatu."

Nje, anakunywa maji. "Ningenyamaza, zamu ingeisha tukipima kiungo kimoja kimoja, na binti wa watu angekosa shahada," anasema. "Natamani wanibakize, kazi hii naipenda."

Anakunywa funda jingine.

"Wasiponibakiza, nitamwomba mkuu jambo moja. Atakayeshika spana baada yangu, siku mtoto wake akiumia, wamwambie aende nyumbani."