Ukuta wa Fundi Viatu

Siku ya kwanza kumwona alikuwa amelaza shavu kwenye ukuta wangu. Nilikuwa napiga plasta korido ya zahanati, na niliposhuka jukwaani kunywa maji nikamkuta, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, jicho moja amelifumba, anautazama ukuta kwa ubavu kama seremala anavyokagua ubao. Nusu ya uso wake ilikuwa ya kijivu. Plasta haikuwa imekauka.

"Dada, umeniharibia kazi," nilisema kwa sauti ndogo, maana sauti kubwa sina.

"Nisamehe, fundi. Nimetumwa kwako. Wewe ndiye uliyepiga plasta karakana ya fundi viatu, pale kona ya soko la zamani?"

Kazi ile ilikuwa imetimiza miaka ishirini na sita. Ulikuwa ukuta wangu wa kwanza kuachiwa peke yangu, na ulikuwa mbaya. Nilijua nimeletewa lawama.

"Nilikuwa bado najifunza," nikasema.

"Basi huo huo, na ubaya wake, ndio ninaoutaka," akajibu, huku akijifuta uso kwa mtandio.

Fundi viatu alikuwa baba yake. Karakana ilibomolewa barabara ilipopanuliwa, na sasa mzee alikuwa na presha ya macho. Daktari alishawaambia kwamba mwaka hautaisha kabla giza halijamfunika kabisa. Mzee aliomba kitu kimoja tu, aione tena karakana yake. Binti yake, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza vikombe, viti na mapipa ya kuwekwa kwenye michezo ya kompyuta, alimwambia, "Nitakujengea, baba."

Jumapili nilikwenda kwao. Chumba chake kilikuwa na meza, kitanda kilichojaa nguo, na kompyuta iliyovuliwa ubavu, feni ya nyumbani ikiipuliza matumbo.

"Ina homa," alisema.

Kwenye kioo cha kompyuta niliiona karakana. Niliona rafu, mlango uliojaa mwanga, na zile kalibu za mbao za viatu zikining'inia kama nyayo za watu waliokwenda kulala. Nilisahau hata kusalimia.

Alinieleza taratibu, kama mtu anayesimulia ndoto kabla haijamtoka. Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kufinyanga. Kila tundu na kila mkwaruzo unakuwepo kweli, na unaweza kuuzunguka. Ya pili ni kuvisha. Ukuta unaachwa laini kama yai, kisha unavishwa picha ya ukuta mbovu, na picha hiyo inaudanganya mwanga uanguke kana kwamba pana mabonde. Kwa mbali hutambui. Lakini mzee angetazama kwa miwani kubwa inayofunika uso, kila jicho na picha yake, na macho mawili yakisogea karibu hayadanganyiki.

"Si ufinyange vyote?" nilimuuliza.

"Nilifinyanga vyote. Miezi mitatu. Mashine ikashindwa kwenda na shingo yake. Anageuka leo, karakana inageuka kesho. Akajitapikia."

"Ukavisha?"

"Nikavisha vyote. Akainamia ukuta, akaniambia, 'Mama, umenitundikia pazia.' Akaivua miwani."

Sauti ya mzee ikatoka chumba cha pili, juu ya redio. "Mwambie na huyo! Nitavaa mara moja tu. Ikiwa pazia tena, niacheni na giza langu, hilo angalau halitikisiki!"

Binti akanitazama. Alitaka nimwambie ukuta ule ulikuwaje. Mimi niliishia darasa la saba, na maneno hunijia nikiwa nimeshafika nyumbani. Nikaomba tochi.

Nilifunga dirisha, nikailaza tochi kwenye ukuta wa chumba chake mpaka mwanga ukatambaa juu yake. Ukuta uliokuwa bapa ukawa nchi nzima, na vilima, na mabonde, na vivuli virefu. Hivyo ndivyo tunavyokagua kazi yetu kabla mwenye nyumba hajaja kuikagua yeye. Niliona kama tunasafiri juu sana, bila kelele.

"Ukiweka mwanga hapa, kila kitu kina kivuli," nikasema. "Ndiyo maana umefinyanga kila kitu. Mwanga wa mzee ulitoka wapi?"

"Mlangoni. Kushoto."

Niliivuta tochi polepole hadi mahali ambapo mlango ungekuwa. Vilima vikazama kimoja kimoja, kama watu wanaoingia ndani. Vikabaki vinne tu vyenye kivuli. Nikavizungushia chaki.

"Vya namna hii finyanga. Vingine vivishe nguo."

Alicheka mpaka akashika meza. "Fundi, watu wanakwenda chuo kwa ajili ya hili!" Kisha akageukia mlango. "Baba! Ulikuwa unasogeza uso wapi, ukiwa kazini?"

"Ukingo wa meza, nilipokatia ngozi. Na kopo la misumari. Wapi tena?"

"Na viatu vya rafu ya juu?"

"Rafu ya juu? Sijaiangalia tangu nilipoipigilia!"

Akajifunika uso kwa mikono. Vile viatu alikuwa amevifinyanga wiki sita, hadi matundu ya kamba.

Ningeweza kuondoka hapo. Lakini kulikuwa na jambo ambalo picha tatu za zamani alizokuwa akizifuata binti hazikulionyesha, kwa sababu katika zote mzee alikuwa amekaa mbele yake. Nyuma ya kigoda chake, usawa wa mabega, plasta yangu ilivimba. Sikulowesha ukuta, niliipiga juu ya vumbi, nayo ikatoa nundu ya ukubwa wa mgongo wa kobe. Miaka yote ile nilizunguka njia ya mbali nisiione. Sasa sikuweza kuitamka. Niliichora hewani kwa kiganja mbele ya kioo, naye akaifinyanga akifuata mkono wangu, ukipanda, ukishuka.

"Hapo?"

"Hapo."

Siku zilizofuata nilitembea kama niko usingizini. Mawingu niliyaona yamevishwa tu, kokoto zimefinyangwa. Nilimtazama mke wangu akikunja nguo, nikaitazama ile mistari ya pembeni mwa macho yake.

"Mbona unanitazama kama ukuta uliopasuka?" aliniuliza.

Sikuweza kumwambia kwamba ile mistari ilikuwa ya kufinyangwa, na kwamba mingine niliifinyanga mimi.

Jumamosi moja mchana waliniita. Mzee aliketi kwenye kiti, binti akamvisha miwani, mimi nikasimama pembeni, mgongo kwenye kabati. Mzee akageuza shingo kushoto. Kwenye kioo karakana ikageuka pamoja naye. Tukangoja. Hakushika tumbo. Akainama mbele mpaka pua yake ikakaribia ukingo wa meza ambayo haikuwepo, akabaki hivyo muda mrefu, akipumua. Binti alikuwa ameuma kidole chake. Halafu mzee akazunguka taratibu kutazama nyuma yake.

"Nani amekwambia habari za nundu hii?"

Nikajibana zaidi kwenye kabati.

"Imenimalizia makoti manne! Aliyepiga plasta hii nadhani alikuwa amefumba macho."

"Yupo hapa, baba."

"Najua yupo. Namsikia anavyopumua kwa aibu. Karibu, kijana, karibu. Ila sogea, umesimama mlangoni, unaniziba mwanga."

Nikasogea. Nyuma yangu palikuwa na kabati tu, lakini nilisogea, na nakuambia kweli, nilihisi jua likinipita begani.

Baada ya hapo alivaa miwani kila mchana. Binti alinipigia simu mara mbili kunisimulia. Kisha wakaamua kuhamia kwa dada yake mkubwa, mji wa mbali, na tangu hapo sijamwona tena. Kabla ya kuondoka binti alikuja kunitafuta kazini. Nilikuwa juu ya jukwaa, akasimama chini na mkoba wake. Nikamuuliza habari za macho ya mzee. Akasema yameisha tangu Alhamisi, lakini aliona siku kumi na tisa, alizihesabu. Bado mchana ukifika anaiomba miwani. Anavishwa, anageuza shingo, anainama, anatabasamu. Mwiko ukabaki mkononi, plasta inadondoka kwenye mbao.

"Anasema bado anaona, fundi," alisema. "Mimi simbishii."