Mpaka wa Nyuma ya Nyumba

Pale tume ya uchaguzi, ofisi ya mipaka, walimwita Bwana Rula, na jina lilimkaa kisawasawa. Miaka ishirini na miwili alikuwa akichora kata na majimbo ya watu bila kupindisha hata nusu sentimita, na sifa hiyo alihakikisha kila mtu anaisikia. Mkewe ndio usiseme, alishachoka nayo kabla ya mtoto wa kwanza.

Mwaka huo kata yao ilifurika watu, ikabidi ikatwe mbili. Kanuni ya tume inataka mpaka ufuate kitu kinachoonekana ardhini: barabara, mto au mtaro. Bwana Rula akaufuata mtaro wa maji ya mvua uliokuwa kwenye ramani ya zamani, akatia sahihi kwamba ameukagua kwa miguu, akaenda zake kunywa chai. Kumbe mstari ule ulipita nyuma ya nyumba yake mwenyewe, ukaitupa kata ya pili! Na mkewe, masikini, miaka mitano alikuwa anajipanga kugombea udiwani kata ya kwanza, ambako asiye mkazi hapewi hata fomu.

Nyumbani hapakukalika. Mke alimtaka asogeze mstari. Mume akajibu kwamba kalamu yake haina ndugu. Haya, mke akaandika pingamizi kama raia yeyote. Siku ya kusikiliza maoni ya wananchi akasimama ukumbini, mumewe yuko meza ya mbele na ramani yake.

"Mheshimiwa mwenyekiti," alisema, "huo mtaro haupo. Muulize mtaalamu wako."

Mwenyekiti akamgeukia Bwana Rula. Akisema upo, ndoto ya mkewe imekwisha. Akisema haupo, heshima yake yote inamwagika mbele ya majirani. Akamtazama mama watoto, aliyesimama na pingamizi lake mkononi. Aibu ikamshika kwelikweli.

"Haupo," akasema. "Niliufukia mwenyewe, nikajenga banda la kuku juu yake."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwenyekiti akaamuru mpaka uhamie barabara ya mbele ya nyumba, nyumba ibaki kata ya kwanza, na mchoraji apewe barua ya onyo. Bwana Rula akashusha pumzi akingoja kushukuriwa. Mkewe akaomba tena kipaza sauti.

"Nikichaguliwa, mtaro wa kwanza kufukuliwa ni huo. Kuku watafute pa kulala."

Watu wakapiga makofi, na aliyepiga kwa nguvu kuliko wote ni mwenye kuku.