Taa za Kaskazini na Jina Nililotaka Lizikwe

Niliondoka Malindi kwa sababu ya jina. Kwa miaka mingi nilifundisha fizikia katika shule ya sekondari hapa mjini, na kila nilipofika kwenye taa zinazowaka angani karibu na ncha za dunia, mwanafunzi mmoja aliuliza, "Mwalimu, wewe umeziona?" Nami nikajibu kwa uaminifu, "Sijaziona, ila wanasayansi wanasema." Basi nikaitwa Mwalimu Wanasema. Jina likatoka darasani, likapita sokoni, likaja kupiga kambi mtaani Muyeye, penye karai la binamu yangu Fatuma, ambaye hukaanga mahamri na utani kwa mafuta yale yale.

Nilipostaafu, binti yangu Rukia, muuguzi aliyeolewa kaskazini kabisa mwa Norwe, akanialika kwake. Fatuma akaniaga mbele ya wateja.

"Nenda, binamu. Ukiziona kwa macho yako, hilo jina nitalizika mwenyewe. Ukirudi patupu, nitaliandika kwenye ukuta huu, kwa rangi ya mafuta."

"Tafuta sanda," nikamwambia.

Safarini nilibadilisha ndege mara kadhaa, na kila niliposhuka, nilivaa sweta moja zaidi. Nilifika adhuhuri, na adhuhuri yenyewe ilikuwa kama magharibi ya kwetu, kwani wakati wa baridi jua la huko halichomozi kabisa. Mkwe wangu Lars alinipokea kwa mikono miwili. "Shikamoo, baba," akasema. Rukia alikuwa amemfundisha adabu za pwani, na alimfundisha vizuri kupita kiasi, kama nilivyokuja kugundua.

Siku za mwanzo mbingu zilifunikwa na mawingu, kwa hiyo nina nafasi ya kukueleza nilichokuwa nakisubiri. Usiogope, si kigumu. Jua halitupi mwanga peke yake, hupuliza pia upepo wa chembe ndogo mno zenye umeme. Dunia nayo ni sumaku kubwa. Ifikirie nyumba yenye paa la makuti. Mvua hupiga paa zima, lakini haikulowanishi wewe uliye katikati ya nyumba. Huteleza ikamwagika kwenye michirizi. Sisi wa Malindi tuko katikati ya nyumba. Michirizi iko kaskazini na kusini, na ndiyo maana zipo taa za kaskazini na ndugu zao wa kusini. Pale chembe zinapomwagika, hugonga hewa ya juu sana, nayo hewa ikang'aa, kama gesi iliyomo ndani ya taa ya mrija jikoni kwako. Oksijeni hutoa kijani, na juu zaidi nyekundu. Nitrojeni hutoa buluu na zambarau.

Hatimaye kukapambazuka bila wingu, ikiwa neno kupambazuka linafaa huko. Tukala samaki mchana, nami nikafanya anachofanya kila mtu wa pwani mwenye akili timamu baada ya chakula: nikajilaza. Nilipanga kuamka alasiri, niswali, nisubiri usiku uingie kwa saa zake. Nilisahau kwamba huko usiku hauna saa zake. Nilipoamka nilimkuta Lars mlangoni anavua viatu, uso umemwiva kwa baridi na furaha.

"Zimetoka, baba. Pazia zima, kutoka mlima hadi mlima."

"Ziko wapi?"

"Zimekwisha."

"Na hukuniamsha?"

Akatazama sakafu. "Rukia alisema mkwe hagongi mlango wa baba aliyelala."

Ningemlaumu vipi? Rukia aliporudi kazini alicheka mpaka akakaa chini. "Baba, ni wewe uliyenifundisha hayo."

Siku ya mwisho kabla ya kuondoka, sikulala mchana. Nilikunywa kahawa, nikavaa sweta zote nilizokuwa nazo, na jioni nikaenda na Lars uwanjani mwa nyumba. Juu ya mlima palikuwa na mchirizi wa kijivu, kama moshi wa makumbi ya nazi yanayochomwa shambani.

"Nani anachoma taka?" nikauliza.

"Ndizo hizo, baba."

Moyo ulinishuka. Lars akainua simu yangu, akapiga picha, na kwenye kioo mchirizi ukawa kijani kibichi cha kupendeza. Hapo mwalimu ndani yangu akaamka. Gizani jicho huona mwanga hafifu, lakini huacha kubagua rangi. Ndiyo maana usiku leso nyekundu na ya buluu kambani zote ni kijivu. Kamera huvumilia, hukusanya mwanga kidogo kidogo. Tukiwa tunatazama, ule mchirizi ukajikunja, ukaachia mistari iliyosimama, ikatikisika kama pazia dirisha likiwa wazi. Ila kwa macho yangu ulibaki rangi ya majivu mpaka mwisho.

Ndani ya ndege nilikuwa na wazo moja: nitaonyesha picha, ninyamaze.

Nilifika Muyeye asubuhi, wateja wamejaa. Fatuma akaitazama picha huku mwiko umeelea hewani.

"Simu," akasema, akanirudishia. "Simu ya mjukuu wangu hunifanya mweupe, nisiwe na kunyanzi hata moja. Macho yako yaliona nini?"

Mteja mmoja, mwanafunzi wangu wa zamani, akaacha kutafuna.

Nikakohoa. "Kijivu. Kama moshi wa makumbi. Nilidhani mtu anachoma taka."

Wakacheka wote, isipokuwa Fatuma. Aligeuza hamri moja, akaligeuza tena.

"Nyamazeni," akasema. "Mtu aende mpaka mwisho wa dunia, arudi aseme ameona moshi? Mwongo angesema kijani."

Akanipakulia sahani ya mbaazi na mahamri ya moto. Nikajifunza hapo kwamba ukweli huaminika zaidi ukija na mavazi yake ya nyumbani.

"Kula, Mwalimu," akasema. Nikasubiri jina la pili. Halikuja.