Siku Tuliyopita Getini

Juzi nilishuka Malaba, miguu ikanipeleka kwenye uwanja wetu wa zamani. Malori yameujaza wote na ua umeng'olewa, lakini geti bado limesimama, kutu tupu. Nikalizunguka kwa mbali. Cheka tu, rafiki yangu.

Miaka ya sabini tulikuwa na mwalimu wa useremala kutoka Denmark. Kwao alikuwa mshambuliaji hodari, mpaka goti likamstaafisha mapema. Nyanya yangu alimpikia ugali wa wimbi na omena wa Sio Port; mimi nilimfulia soksi. Alinionyesha picha ya timu yake, kidole juu ya kipa. "Rafiki yangu sana huyu. Alikufa maji."

Tulipocheza na timu ya ng'ambo ya mpaka, mwalimu aliomba nafasi ya kulijaribu goti. Likikubali, angerudi kwao kucheza. Likikataa, basi tena. Nilitaka afunge kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Sasa, hakuna mchezaji aliyepita getini. Hapo ndipo wapinzani walipozika uchawi wao, kwa hiyo watu wazima waliruka ua, tena kinyumenyume! Nyanya alikuwa akisema, "Apitaye getini hapiti peke yake." Mwalimu akacheka. Mimi ndiye niliyembebea viatu. "Twende, dada," akaniambia. Nikajiona mtu! Tukapita.

Kipindi cha pili goti lilikuwa limekubali kabisa. Akawachenga mabeki wawili, kipa wao akateleza, goli likabaki wazi. Tukapiga kelele, "Piga, mwalimu!"

Hakupiga. Alisimama na mpira mguuni, akitazama golini, uso umemwishia damu. Kisha akageuka, akatoka uwanjani.

Nikamkimbilia. "Ni goti, mwalimu?"

"Goti zima. Golini kulikuwa na mtu," akasema. "Amelowa chapachapa."

Mwezi haukuisha, akafunga sanduku akaenda zake. Hakucheza tena.

Nyanya aliniuliza mara moja tu, "Na wewe ulipita wapi?"

"Niliruka ua."

Alikufa akiniamini, na bado inaniuma.

Sasa nyanya hayupo, ua haupo, na waliokuwa wakiruka wamezeeka au wamezikwa. Nilidhani na lile jambo limekwisha nao. Lakini juzi, nikilizunguka geti, dereva mmoja aliniita kutoka kwenye lori lake:

"Mama, mbona mnazunguka? Piteni hapa tu, wewe na mwenzako."

Nilikuwa nimekuja peke yangu.