Mama Kesho Amaliza Gauni

Wahenga walisema ahadi ni deni, lakini wao hawakuwahi kushonesha nguo kwa Mama Kesho. Jina hilo alipewa na wateja, na alilistahili. Ukimpelekea kitambaa cha harusi, shukuru kikiwahi siku mtoto anaanza shule. Mkono wake ulikuwa na baraka, ila ulimi wake haukujua kalenda.

Alipogundulika kuwa na saratani ya titi, habari zilifika kwenye kibanda chake cha ushonaji kabla yake. Wateja wakamiminika, na si kwa kumjulia hali.

"Pole sana, fundi. Kile changu cha maua, hujakikata bado?"

Akawarudishia vitambaa vyao mmoja mmoja huku anacheka. "Chukueni. Ila mjue, hata kifo kikija hapa nitakiambia kije kesho."

Daktari naye hakusalimika. Alipomweleza kwamba Jumatatu wangeliondoa titi lote la kushoto, fundi akamjibu, "Ufuate mstari wa chaki, daktari, usiniharibie kitambaa. Na hilo la kushoto limenivurugia vipimo tangu ujana."

Aliyemshinda ni mdogo wake, ambaye alimlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki. Huyo alilia nyumbani, akalia hospitali, akalia mbele ya muuza dawa. Mama Kesho hakuogopa kisu kama alivyoyaogopa machozi yale, na kila alipoyaona alitunga mzaha mwingine.

Jumamosi mdogo mtu akapita kibandani kumsaidia kufunga. Akakuta gauni lake la bluu limening'inia ukutani, limepigwa pasi, kila kifungo mahali pake. Alikuwa akilidai kwa miezi saba. Akaketi kwenye stuli ya wateja.

"Dada, umelimaliza?"

"Si ulikuwa unanisumbua?"

"Hujawahi kumaliza nguo ya mtu kwa siku uliyosema. Mbona hii?" "Unaniaga."

Mama Kesho akafungua kinywa atoe mzaha, asiupate. Kweli alikuwa anaaga. Alilishona siku mbili mfululizo kwa sababu aliogopa, na hakutaka kufa gauni la mdogo wake likiwa bado kwenye kapu la nguo zisizomalizwa.

Akalishusha, akavaa miwani, akachukua wembe na kuanza kufumua pindo, uzi kwa uzi.

"Unafanya nini?"

"Pindo limekaa upande. Njoo Ijumaa."

"Ijumaa ipi?"

"Ijumaa. Una haraka ya kwenda wapi?"

Mdogo mtu akajifuta kamasi kwa kipande cha bitana. Ijumaa za dada yake alizijua. Nyingine zilichukua mwaka mzima.

"Muongo mkubwa wewe," akasema, kisha akaanza kumgombeza kama mteja mwingine yeyote, na hakunyamaza mpaka walipofunga kufuli. Gauni likabaki kapuni, halina pindo.