Nywele za Mbwa na Viti vya Wageni

Nyumbani kwetu Musaga, viti vyeupe vya sebuleni vilikaliwa na wageni wa mama na mbwa wetu wawili. Sisi watoto tulikaa kwenye viti vya plastiki. Mama alikuwa ameapa kwamba siku mgeni angeondoka na unywele mmoja wa mbwa, mbwa wangehamia kwa mjomba kule Gatumba.

Jumamosi moja kundi lake la maombi lilikuwa linakuja. Nilianza kazi alfajiri. Nilisugua kila kiti kwa sponji yenye maji, nikafua vitambaa, nikapiga deki mara mbili hadi mgongo ukaniuma kama wa babu. Kisha nikawafungia mbwa chumbani kwa mama, nikijiona mjanja.

Kumbe kitandani mama alikuwa ametandaza imvutano, lile vazi la heshima la kujitanda begani. Alipokwenda kuvaa, aliwafukuza mbwa nje, akajitanda haraka bila kuangalia nyuma.

Sala ilipokwisha, mama mmoja mzee alimzunguka akimkagua mgongo uliojaa nywele. "We dada, leo umevaa imbwa?" Wote wakaangua kicheko.

Walipoondoka, nilijitetea kabla sijaulizwa. "Lakini mama, bageni benyewe bametoka safi!"

Alinitazama, akashindwa kununa. "Basi imbwa zibaki. Lakini kila asubuhi we ndio utasafisha, hata chumba yangu."

Mbwa wamebaki. Naamka saa kumi na moja, nasugua, nafua, ndipo naenda shule. Mwalimu wa hesabu akiniona nasinzia anadhani nimekesha nikisoma, nami sina nguvu ya kumsahihisha.