Siku Ambayo Kijiji Kizima Kilikula Kuku

Mpaka leo mtu akiniambia kwamba watu wa kwetu ni wagumu kuelewa, damu inanichemka. Wanaelewa sana. Mimi ndiye niliyewaelewesha, boma kwa boma, nikiwa nimevaa reflekta ya njano iliyonifika magotini kwa sababu hakuna aliyejisumbua kuuliza saizi zetu.

Nilikuwa nimemaliza chuo Nakuru, kazi hakuna, nikarudi nyumbani juu ya Rongai, kwenye yale mashamba ya mzungu yaliyokatwakatwa vipande. Kimeta kilikuwa kimeingia. Ng'ombe alikuwa anaamka mzima, saa nne amelala chini, damu nyeusi inamtoka puani. Ofisi ya mifugo ikatafuta vijana wa kujitolea, nasi tukajitokeza. Tulifunzwa siku moja. Tukapewa reflekta, karatasi zenye picha za ugonjwa, na namba ya simu ya daktari wa ng'ombe. Glovu hakuna. Chokaa ya kuzikia mizoga hakuna. Chanjo, tuliambiwa, iko njiani. Njia gani hiyo, sijui, maana ilichukua muda mrefu kuliko mtu anayetoka Mombasa kwa miguu.

Kuna jambo moja ambalo ofisi haikutuuliza hata kidogo. Kwetu ng'ombe akifa, mwenyewe habaki na hasara peke yake. Majirani wanakuja, ng'ombe anachunwa, kila boma linabeba nyama yake. Halafu kila aliyebeba anarudisha kwa njia yake: huyu analeta debe la mahindi, yule anakuja kupalilia, mwingine anakuletea maziwa mpaka mtamba wako azae. Tunaiita nyama ya pole. Ukiikataa, umemwambia mwenzako abaki na msiba wake. Na aliyekuwa anachuna, kutoka barabarani mpaka mtoni, alikuwa baba yangu.

Ng'ombe wa kwanza kufa kwetu alikuwa wa jirani yetu, mama mjane aliyekuwa na ng'ombe watatu, na huyo aliyekufa ndiye pekee aliyekuwa anakamuliwa. Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Nilipofika, baba alikuwa tayari amekunja mikono ya shati, kisu kinang'aa, na watu wamekuja na mabeseni.

"Baba, usimguse huyo ng'ombe."

"Na huyu mama atakula nini? Karatasi zako?"

Watu wakacheka. Nikawaonyesha damu ile isiyoganda. Nikawaambia ukimpasua tu, ugonjwa unatoka na kukaa kwenye udongo miaka na miaka. Halafu nikasema neno ambalo sikutumwa na mtu kulisema: "Watu wa ofisi wakija watamzika vizuri na watawachanja hao wawili waliobaki. Nawaahidi."

Baba akafunga kisu kwenye gunia lake, watu wakarudi na mabeseni matupu. Hakuna hata mmoja aliyebisha. Hao ndio wagumu kuelewa.

Nikapiga simu. "Msiguse, tunakuja leo," daktari akasema. Hawakuja. Jumanne gari halikuwa na mafuta. Jumatano alikuwa kwenye mkutano, akaniambia, "Wewe nitumie picha tu." Picha! Nikamtumia picha. Ng'ombe alikuwa amefura kama tangi la maji, mbwa wa kijiji kizima wamekaa wakingoja, sisi vijana tunapokezana kuwafukuza kwa mawe. Harufu ilikuwa inaingia mpaka kwenye chai.

Jumatano hiyo jioni tulichimba shimo wenyewe. Baba alichimba kuliko sisi sote. Tulifunga mikono kwa magunia, tukamsukuma ng'ombe kwa miti mpaka akaanguka ndani, na kwa kukosa chokaa tukamwagia jivu la jikoni. Mjane alisimama hapo kando, mikono kifuani, akiangalia maziwa yake yakifukiwa. Mimi nilienda nyumbani nikijiona shujaa.

Aki, nilikuwa mjinga. Sikuona tulichomfanyia yule mama. Hakuna aliyebeba nyama, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na la kurudisha. Debe la mahindi halikuja. Mtu wa kupalilia hakuja. Si kwamba watu walikuwa wachoyo, la, ni kwamba hawakujua waanzie wapi. Unampelekea mtu kitu kama nani, kwa sababu gani, wakati hukula chake? Nilimnyang'anya majirani zake nikampa ahadi, na ahadi yenyewe ilikuwa ya watu wasio na mafuta ya gari.

Wiki mbili zikapita. Chanjo bado iko njiani. Jumamosi moja nilikuwa kwenye mzunguko wangu na daftari, nikaingia boma la kwanza, nikasikia harufu tamu ya nyama.

"Leo mnapika nini?"

"Kuku," mama mwenye boma akajibu haraka.

Boma la pili, kuku. La tatu, mtoto akajibu kabla sijauliza: "Ni kuku!" Kesho yake kulikuwa na ubatizo kanisani, nikadhani watu wameanza sherehe mapema. Niliandika kwenye daftari kwamba maboma yote yako salama. Niliandika kwa mkono wangu huu.

Nyumbani mama alinipakulia ugali na maharagwe. Sahani za wengine zilikuwa zimeshaoshwa.

"Na mimi kuku wangu?"

"Ameisha. Kula, maharagwe ni mazuri."

Basi mimi nikanuna. Msichana mzima, na diploma yangu, nimenuna kwa sababu ya paja la kuku. Baba alikuwa amekaa pembeni na sweta lake.

Siku nne baadaye nilimkuta anakamua kwa mkono mmoja. Wa kulia ulikuwa umelala pajani, sweta limevutwa mpaka vidoleni, na jua lilikuwa kali. Nikamuuliza ana nini. Akasema amekatwa na waya. Nikavuta ule mkono wa sweta kwa nguvu, naye akaniacha.

Kilikuwa kidonda cha ukubwa wa shilingi, katikati cheusi tii, na mkono umefura mpaka kiwiko. Nilikuwa nimebeba picha yake kwa wiki nne. Nilikuwa nimeibandika kwenye mti nje ya kanisa.

"Hakiumi," baba akasema, eti ananituliza.

"Hapo ndipo ubaya ulipo, baba! Kwani mimi nilikuwa naimba?"

Nilimpigia kelele baba yangu, mbele ya ng'ombe, kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia kwake. Kisha nikaita pikipiki. Tulimweka katikati, mimi nyuma nimemshika kiuno, mwili unawaka homa, na njia nzima mpaka hospitali alikuwa ananiomba msamaha kwa jambo ambalo hakulitaja. Daktari wa hospitali alisema tungengoja siku mbili zaidi, tungerudi nyumbani bila yeye. Dawa aliyompa ni ya kawaida kabisa, ipo kila mahali. Hilo ndilo linalonikereketa mpaka sasa. Karibu nimpoteze baba kwa ugonjwa unaotibika, uliotoka kwa ng'ombe ambaye angechanjwa.

Kwa sababu ndiyo, alikuwa ng'ombe wa mjane tena. Wa pili. Alikufa alfajiri ya Jumamosi ile, na safari hii hakuna aliyenitafuta. Baba na majirani walimchuna upesi nyuma ya nyumba ya mjane kabla sijaamka.

Nilirudi kutoka hospitali nikapita boma kwa boma. "Nyinyi wote mliokula kuku, twende mkapewe dawa!" Walitoka mmoja mmoja, macho chini, wakapanga foleni kwenye zahanati bila ubishi. Mjane alikuwa wa kwanza. Nje ya nyumba yake niliona madebe matatu ya mahindi, na shamba lake limepaliliwa lote.

Hospitali ilipopeleka habari, chanjo ikakumbuka njia. Gari lilikuja na mafuta tele, bango kubwa, na mtu wa kupiga picha. Kwenye baraza uwanjani pa shule, daktari wa ng'ombe akashika spika akasema, "Shida ni kwamba wananchi wa huku ni wagumu kuelewa."

Sikungoja zamu. Nikamnyang'anya spika.

"Siku tatu, boss! Tulikungoja siku tatu na mzoga! Hawa watu walielewa siku ya kwanza. Wewe ndiye ulihitaji kutumiwa picha!"

"Madam, tulia," akasema.

Nikavua reflekta nikaitupa kwenye boneti ya gari. Unajua alifanya nini? Akatoa fomu nitie sahihi kwamba nimeirudisha.

Baba alitoka hospitali akiwa na kovu na vidole viwili visivyokunjika. Kisu hakishiki tena. Siku hiyo, alipolala kupumzika, nilimfuata mama jikoni. Hasira yote niliyokuwa nimemwekea daktari wa ng'ombe ilikuwa bado haijaisha, nikammwagia yeye.

"Mama, kwa nini hamkuniamini? Nyumba hii yenyewe! Mtu wa kwenu ndiye anapita akiwaambia, na nyinyi mnakula!"

Alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Hakuinua macho.

"Mara ya kwanza tulikusikiliza, yule mama akabaki bila kitu. Tungemwacha hivyo mara ya pili?"

"Basi sema tu hamkuniamini."

Akasimamisha mikono.

"Tulikuamini," akasema. "Unadhani kwa nini nilikupikia maharagwe?"